Papa mweupe kahama mji!

Msomaji wangu, kuna watu husafiri kutafuta raha. Mimi safari hii nilikwenda kutafuta woga, tena kwa nauli niliyoidunduliza mwaka mzima.

Chanzo ni utoto. Enzi hizo nikiiba muda wa kwenda kuchota maji na kujibanza kwenye kibanda cha video pale mtaani Temeke, niliiona Jaws, filamu ya mwaka 1975. Tangu siku hiyo nikienda Coco Beach nalowesha miguu tu, na washkaji wananicheka hadi leo. Basi dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyehamia Cape Town kutafuta maisha, aliponialika kwake nikamwambia: "Dada, Mlima wa Meza upo tu. Mimi nipeleke kwa papa mweupe nikamalizane naye."

"Mdogo wangu, wewe una wazimu," akajibu. Lakini akanipeleka.

Mji wa Gansbaai uko kiasi cha kilomita 160 kutoka Cape Town. Ni mji wa wavuvi, mdogo, wenye upepo wa kukata masikio. Kwa miaka mingi ulijitangaza kuwa makao makuu ya papa weupe duniani. Ukigeuka huku papa yuko ukutani, ukigeuka kule yuko kwenye fulana. Boti zinaondokea bandari ndogo ya jirani iitwayo Kleinbaai. Nikajisemea moyoni, leo ni leo.

Kabla ya kupanda boti, kijana wa kutuongoza akapitisha meno mawili ya mfano. La kwanza la papa mweupe, lilienea kiganjani, kama sentimita 6 hivi. La pili, bwana weh! Lilijaza mkono mzima. Hilo ni la megalodoni, papa wa kale ambaye meno yake yalifika sentimita 17 na zaidi. Mifupa ya papa ni laini, inaoza, kwa hiyo huyo mbabe katuachia meno na vipande vichache vya uti wa mgongo. Ndiyo maana wataalamu hawaachi kubishana juu ya urefu wake. Zamani wengi walitaja mita 15 hadi 18. Mwaka 2025 watafiti wengine wakaandika kwamba huenda alifika mita 24. Papa mweupe wa leo akijitahidi sana anafika mita 6.

Nilidhani megalodoni ni babu wa papa mweupe. Kumbe ni ukoo mwingine, undugu wa mbali. Alitoweka miaka kama milioni 3.6 iliyopita. Mwaka 2022 watafiti waliopima madini ya zinki kwenye meno ya hawa wawili walikuta dalili kwamba waligombea chakula kimoja. Huenda basi papa mweupe, mdogo wa umbo, alichangia kumwangusha jitu lile.

Halafu yule kijana akasema neno lililoniishia nguvu: "Jamani tuelewane mapema. Papa weupe siku hizi hatuwaahidi mtu."

Nilimtazama dada. Dada akatazama bahari.

Tukatoka hata hivyo. Boti ikapita kati ya kisiwa cha Dyer, wanakoishi pengwini, na mwamba wa Geyser, wanakolala sili kwa maelfu, wananuka hao usiseme. Mkondo huo wa katikati unaitwa uchochoro wa papa, maana papa weupe walikuwa wakivizia sili hapo kama vibaka kwenye kona yenye giza. Siku hiyo sili walikuwa wanaogelea kwa madaha, hawana wasiwasi na mtu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2015 walianza kuonekana pwani ya Cape nyangumi wauaji wawili madume, ambao mapezi yao ya mgongoni yamelala, mmoja kushoto na mwingine kulia. Wakapewa majina Port na Starboard. Wanaitwa nyangumi, lakini ni jamii ya pomboo, ndugu wa wale wanaofuatwa na watalii kule Kizimkazi. Mwaka 2017 bahari ikatupa ufukweni mwa Gansbaai mizoga mitano ya papa weupe. Wengi wao walikuwa wamepasuliwa kifuani na ini halipo! Ini la papa ni kubwa na limejaa mafuta. Wale jamaa wanachukua hilo, nyama wanaiacha.

Mtafiti Alison Towner, aliyefanya kazi miaka mingi Gansbaai, alichapisha matokeo na wenzake mwaka 2022. Vifaa walivyowafunga papa vilionyesha kwamba nyangumi wale wakitokea, papa wanatimua na kukaa mbali kwa wiki, hata miezi. Mwaka 2023 huko Mossel Bay, Starboard peke yake alimmaliza papa mtoto wa mita 2.5 kwa muda usiofika dakika mbili.

Wengine wanasema tusimbebeshe Starboard lawama zote. Wanataja ndoano za wavuvi, na nyavu za kuzuia papa zilizoanza kutegwa Durban mwaka 1952. Wapo wanaoona papa wamehamia mashariki tu, na wapo wanaohofia wanaisha. Hofu hiyo si ya bure. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, kwa kulinganisha picha za mapezi na vinasaba, walikadiria papa weupe wa Afrika Kusini kuwa kati ya 353 na 522. Shule niliyosoma ilikuwa na watu wengi kuliko hao! Na papa jike huchukua kama miaka 33 hadi aweze kuzaa. Afrika Kusini ilimlinda kisheria mwaka 1991, ya kwanza duniani, na bado hesabu ni hiyo.

Nikaingia kwenye kizimba. Maji baridi yalinikata pumzi. Wakaja papa wa aina nyingine, wa rangi ya shaba, wembamba, wepesi. Mmoja alinipita karibu kabisa, jicho lake likanitazama, akaenda zake. Niliyetaka kumwogopa hakuja.

Wakati wa kurudi nilimuuliza kijana wetu kama anampenda papa mweupe. Akasema yeye alimsomeshea watoto, na kila asubuhi anatazama bahari kama mtu anayesubiri ndugu aliyekawia. Nilinyamaza. Utoto wote nilimuombea yule samaki afe, na kumbe kuna mtu anamuombea arudi.

Dada akanitania njiani: "Haya, umemalizana naye?"

"Bado, dada," nikamjibu. "Nitarudi siku akirudi."

Kila mbabe na mbabe wake, msomaji. Jumapili nitakuwa Coco Beach, na safari hii naingia hadi kifuani. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.