Mvua ya Free Area na Dhoruba za Bahari ya Mbali

Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha tatu, na nyumbani Free Area, mtaa wa Nakuru, tulikuwa tumechoka na vumbi. Ziwa Nakuru lilikuwa limekaribia kukauka kabisa katikati ya miaka ya tisini. Heroe walikuwa wamehama, na upepo ukivuma kutoka ziwani ulileta unga mweupe wa magadi uliowasha macho.

Redioni tulisikia habari za El Nino kabla ya tone la kwanza. Hakuna aliyezibua mtaro. Mvua ilianza Oktoba, ikapita Novemba, ikaingia Desemba, mwezi ambao Nakuru huwa na jua la kuanikia mahindi. Mahindi ya Bahati na Njoro yaliota yakiwa shambani, na yaliyovunwa yakashika kuvu maghalani. Udongo wetu wa majivu ya volkeno ulifunguka nyufa. Malori ya kabeji na viazi yalikwama kwenye barabara za mashambani, na bei sokoni zikapanda. Uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Desemba uliongezewa siku ya pili, mvua ikiwa miongoni mwa sababu. Kule Garissa mafuriko yalizaa mbu wengi, na homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo.

Jirani yetu alikuwa mzaliwa wa Mombasa aliyeoa Nakuru, baharia wa meli za mizigo. Alirudi likizo katikati ya mwaka 1998. Mimi nikamweleza maji yalivyoingia chumbani mwetu, naye akanieleza safari yake ya kuvuka Pasifiki kutoka Japani kwenda Marekani.

"Mwanangu," alisema, "nimevuka bahari ile miaka mingi. Januari hii dhoruba moja ilikuwa haijatulia, nyingine ishafika."

Nilimpa pole nikidhani ni misiba miwili tofauti. Miaka ilipita kabla sijasoma na kuelewa kwamba El Nino ilikuwa na mkono katika yote miwili.

Aliyeonyesha uhusiano wa El Nino na dhoruba za kaskazini ni Jacob Bjerknes, mwanasayansi wa asili ya Norway, katika maandishi yake ya mwaka 1969. Kwa kawaida maji ya moto ya Pasifiki hukusanyika upande wa Indonesia, na mawingu makubwa hukaa huko. Wakati wa El Nino joto hilo huenea mashariki kuelekea Amerika Kusini, na mawingu hulifuata. Mvuke unapogeuka mvua hutoa joto, joto huisukuma hewa ya juu, na msukumo huo husafiri kwa mawimbi hadi kaskazini ya mbali. Huko, karibu na visiwa vya Aleutian, kuna eneo la mgandamizo mdogo wa hewa linalolea dhoruba za majira ya baridi. Mwaka wa El Nino mgandamizo wake hushuka zaidi, nalo husogea kusini-mashariki. Upepo wa kasi wa juu hurefuka kuelekea Marekani, na dhoruba huufuata. Ndiyo maana California ilipigwa mfululizo Februari 1998.

Kwetu njia ilikuwa nyingine. Mwaka 1997 Bahari ya Hindi ilipata joto upande wa Afrika Mashariki na ikapoa upande wa Sumatra. Wanasayansi Saji na Yamagata na wenzao walieleza hali hiyo mwaka 1999. Maji yale ya moto yaliyo karibu nasi ndiyo yaliyoipa nguvu mvua iliyopanda hadi Bonde la Ufa.

Bahari yetu nayo hutuma habari mbali. Wanasayansi Madden na Julian walieleza mwanzoni mwa miaka ya 1970 juu ya mkusanyiko wa mawingu ambao mara nyingi huanzia Bahari ya Hindi na kwenda mashariki, ukijirudia kila baada ya siku 30 hadi 60. Siku 10 hivi baada ya mawingu hayo kukolea Bahari ya Hindi, dhoruba za Atlantiki huelekea kuelemea zaidi upande wa Iceland na Norway. Kwetu nako, masika ya 2018 mawingu hayo yalichangia mvua kubwa Kenya. Usiku wa tarehe 9 Mei bwawa la Solai, humu humu Nakuru, lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40.

Karibu miaka 30 imepita tangu mvua ile ya 1997, na ninaandika haya kwa sababu moja. Bahari hupata joto miezi kadhaa kabla mvua haijafika, na watabiri huliona joto hilo. Nahodha akipata habari hizo hubadili njia. Sisi wa Free Area, Lanet na Bahati hatuwezi kuhamisha nyumba zetu, lakini tunaweza kuzibua mitaro Agosti, kuwahi kuvuna, na kudai kila bwawa lililo juu ya makazi likaguliwe kabla ya mvua. Idara ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua kubwa, tushike majembe siku hiyo hiyo.