Joho Lake Lilikuwa Linashonwa

Sebuleni kwetu hapa Bombambili, Songea, kuna picha moja ukutani ambayo kila mgeni akiingia lazima aulize. Ni ya Novemba 2014. Mimi nipo katikati, joho jeusi, kofia imekaa upande, mapambo ya kung'aa yamenijaa shingoni hadi kidevu hakionekani vizuri. Pembeni yangu amesimama kijana mwembamba, shati jeupe, suruali ya kitambaa. Mkono mmoja kashika mkoba wangu wa kike, mwingine kashika malapa yangu, maana viatu virefu nilivyovivaa siku ile vilikuwa vya mateso.

"Huyu ni kaka yako?" wageni huuliza.

Hapana, mpenzi msomaji. Huyo ndiye baba wa wanangu. Na siku ile na yeye alitakiwa awe ndani ya joho.

Tulijuana kwenye basi, Oktoba 2011, wote ndiyo tunakwenda kuanza mwaka wa kwanza Dar es Salaam. Kwa wasioijua safari ya Songea hadi Dar, ni zaidi ya kilomita 900. Unaondoka alfajiri na blanketi mapajani, unapita Njombe ukiwa unatetemeka, Makambako, Iringa, halafu unashuka Kitonga jasho limeanza. Kama hadi Makambako hujapata mtu wa kuongea naye, basi una matatizo yako binafsi. Mimi nilimpata. Alikuwa anakwenda kusomea ualimu, Historia na Kiswahili. Mimi mawasiliano ya umma. Tulipofika Ubungo usiku alinibebea sanduku hadi kwenye teksi, na tangu hapo hajaacha kubeba vitu vyangu.

Chuoni mimi nilikuwa mtu wa tarehe. Nilikuwa na kijidaftari cha kijani nimeandika kila kitu: siku ya kukusanya kazi, siku ya testi, siku ya kusaini bumu, siku ya mwisho ya kulipa ada. Yeye alikuwa na akili kuliko mimi, nasema kabisa, lakini tarehe aliziweka kichwani, na kichwani mwake kulikuwa na mambo mengi. Alikuwa ndiye mtoto mkubwa. Mdogo wake akifukuzwa shule kwa sababu ya mchango, anayepigiwa simu ni yeye. Baba yake ni mkulima, na Bodi ya Mikopo ilikuwa imempa mkopo wa ada kwa asilimia, si wote. Iliyobaki ilitoka kwenye mahindi.

Hapo ndipo penyewe. Kalenda ya chuo na kalenda ya mahindi hazijawahi kukutana. Ruvuma tunapanda Novemba na Desemba. Tunavuna Juni na Julai, na hata ukivuna, bado unatakiwa uyaanike, uyapukuchue, uyapepete, yakauke vizuri ndipo uyapeleke NFRA wakayapime unyevu. Anayetaka hela ya haraka anawauzia madalali kwa bei ya kutupa. Wengine huuza yakiwa bado yamesimama shambani. Wenzetu wa Mbinga kwenye kahawa wanaiita magoma, na ni umaskini wa kujitakia, ingawa sijamwona bado aliyejitakia. Sasa chuo kinataka ada ya semista ya pili kabla ya mitihani ya mwisho. Mitihani ni mwishoni mwa Juni. Mahindi yako wapi? Shambani, yanakauka polepole na baridi yake ya Songea.

Mwaka wa kwanza na wa pili alipenya kwa kukopakopa. Mwaka wa tatu, Juni 2014, akapungukiwa shilingi 240,000. Tangazo likabandikwa: asiyemaliza ada hadi Ijumaa, hapewi namba ya mtihani. Mitihani ilianza Jumatatu.

Baba yake alimwambia kwenye simu yuko tayari kuuza magunia hata kesho, kwa bei yoyote. Nilikuwa nimekaa naye kwenye ngazi za maktaba, nikasikia jibu lake kwa masikio yangu. "Baba, usiuze. Subiri bei. Huku nitajua cha kufanya."

Na mimi hapo hapo, kwenye mkoba ulio mapajani, nilikuwa na shilingi 280,000.

Niieleze vizuri hiyo pesa, maana nisingependa mnifikirie vibaya kuliko ninavyostahili. Bumu enzi zetu lilikuwa shilingi 7,500 kwa siku, humo humo ule, unywe, ulale, upande daladala. Mimi nilibana kwa semista mbili. Chapati mbili na chai ya rangi asubuhi, mchana nasingizia sina njaa. Nilikuwa naitafutia laptopu. Mwandishi gani anatoka chuo hana kompyuta? Nilikuwa nimeshapata ahadi ya kujitolea kwenye gazeti moja, na mhariri wa pale aliniambia wazi kwamba mashine zao hazitoshi, njoo na yako. Pesa nilitembea nayo kwenye bahasha ya kaki, kwa sababu hosteli wezi walikuwa hawalali.

Alhamisi ikapita. Ijumaa asubuhi nilimwona anazunguka kwa washkaji zake, huyu kampa elfu ishirini, huyu elfu kumi, wengine wakamwambia "kaka, na mimi nimekauka". Hakuniomba hata mara moja. Saa 9 alasiri benki ilikuwa inafunga. Saa 8 nilimwona kakaa chini ya mwembe, simu mkononi, hapigi. Mimi nilikuwa dirishani maktaba, nasoma ukurasa ule ule.

Wewe ungefanyaje? Mimi nilijiambia mambo mengi. Kwamba mwanaume wa Kingoni hapendi kusaidiwa na mwanamke, nitamdhalilisha. Kwamba baba yake atauza tu, mzazi hashindwi. Kwamba uchumba si ndoa, mashoga zangu wangapi wamelipia watu ada halafu wakaletewa kadi ya harusi ya mwingine? Hilo la mwisho ni la kweli, niliwajua wawili. Lakini leo nikiwa na miaka thelathini na mitano sioni aibu kulisema: nilikuwa naitaka laptopu yangu.

Saa 9 na nusu alikuja maktaba, akakaa, akafungua desa la Historia. "Imeshindikana," akasema, kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Masomo ya semista ya pili yalifundishwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo mitihani ile angeifanya Juni inayofuata. Mwaka mzima kwa shilingi 240,000.

Siku ya mahafali mama yangu alikuja kutoka Songea na kuku wawili wa kuchoma kwenye ndoo. Alikuwa anamfahamu kijana, anajua tulianza pamoja, ila hakuwa na habari. Akamtazama juu hadi chini katikati ya watu wote wale wenye majoho. "Mwanangu, mbona mwenzio umekuja hivi? Joho lako liko wapi?"

"Langu linashonwa, mama," akajibu, akacheka, akampokea ndoo. Nikacheka na mimi. Ndipo ikapigwa ile picha.

Mwaka mmoja si kitu, watu walimfariji hivyo. Kwa kawaida ni kweli. Lakini sikilizeni hesabu ilivyokwenda. Wenzake wa ualimu waliomaliza 2014 walipangiwa vituo mwaka 2015. Wengine walipelekwa mbali, walilia, lakini walikuwa na namba ya ajira serikalini. Yeye akavaa joho lake Novemba 2015, akakaa kusubiri majina ya 2016. Juni 2016 Serikali ikasimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa. Uhakiki wa vyeti ukafuata, na Aprili 2017 yakatoka majina 9,932 ya watumishi wenye vyeti vya kughushi. Ajira za walimu ziliporudi mwaka huo, zilianza na walimu wa Hisabati na Sayansi. Wa Historia na Kiswahili? Subirini kwanza.

Alisubiri. Alifundisha shule binafsi iliyomlipa mwezi huu na kuruka miwili. Alifundisha tuisheni vibarazani. Mwaka 2018 alirudi Songea kulima na baba yake. Mimi wakati huo nilikuwa Dar, nimeshakuwa mwandishi mwandamizi, nakatwa mkopo wangu kila mwezi, na sheria ilipobadilishwa 2016 makato yakapanda hadi asilimia 15 ya mshahara. Nilikuwa nalalamika kwa sauti kubwa. Yeye hakuwa na mshahara wa kukatwa, na deni lake lilikuwa linaongezewa ile asilimia 6 ya kulinda thamani ambayo Rais Samia aliifuta mwaka 2021. Nilipolalamika yeye alinyamaza, na mimi nilijua ananyamazia nini. Au nilidhani najua.

Tulioana mwaka 2019, hapa hapa Songea. Marafiki zangu wa mjini walinishangaa. Mhariri na mkulima wa mahindi! Mmoja aliniuliza kama nimelishwa kitu. Na ile laptopu? Niliinunua, ndiyo, Julai 2014, ya mtumba. Ndiyo iliyonipa kazi, na nikiwa mkweli, ndiyo iliyotulisha wote wawili kuna miezi. Barua zake za kuomba kazi zote aliziandikia humo, ninyi fikirieni tu nilivyokuwa najisikia nikimwona kainamia zile herufi.

Ajira yake ilitoka 2021, shule ya sekondari ya kata upande wa Peramiho. Mwaka uliofuata mimi nikamwambia bosi wangu kwamba kuhariri naweza popote penye umeme na bando, nikahamia. Wiki ya kwenda mtamboni napanda basi, nakwenda Dar, narudi. Wasomaji wanaoniandikia wako mwaka wa tatu, wanaoniuliza kazi ziko wapi, nawajibu ninayoyajua: jisajilini Ajira Portal mapema, ulizieni TaESA mafunzo ya utarajali, msisubiri cheti ndipo mtafute mtu wa kujifunzia kwake. Halafu nawauliza swali ambalo nadhani linawashangaza. Ada umemaliza?

Juni 2024, jioni moja ya baridi kali, tumekaa jikoni tunaota moto, simu yake ikalia. Ni mdogo wake, wifi yangu, yule yule aliyekuwa akifukuzwa shule kwa mchango. Alikuwa mwaka wa mwisho, mitihani wiki ijayo. Amepungukiwa. Kesho kutwa ndiyo mwisho.

Mwenzangu hakumaliza hata kumsikiliza. Alivaa koti, akachukua tochi, akaenda kwa dalali jirani. Nikasikia mizani inaburutwa uani. Magunia tisa yaliondoka usiku ule, mahindi mazuri, hayajakauka sawasawa, kwa bei ambayo nikiitaja hapa majirani watatucheka. NFRA walikuwa bado hawajafungua ununuzi. Mimi kama mke mwenye akili nikamwambia, "Baba, tungekopa mahali tukasubiri bei."

"Mimi nilisubiri bei," akasema.

Aliituma ile pesa pale pale, akasubiri meseji ya kuthibitisha, akarudi kukaa. Sijui ni moto, sijui ni miaka kumi. Nikamwambia. Nilimwambia yote, bahasha, dirisha la maktaba, ukurasa ule ule. Nilikuwa nimeshajiandaa kulia.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Niliziona. Jumatano ya wiki ile ulinituma nikuchukulie fleshi kwenye mkoba. Bahasha ya kaki. Umeandika juu kwa kalamu nyekundu, LAPTOPU, umepigia mstari mara mbili."

Nikabaki mdomo wazi. Miaka kumi nimebeba mzigo nikidhani naubeba peke yangu, kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja kashika upande wake.

"Sasa kwa nini hukuniomba?"

Alichochea moto kwanza. Ana tabia hiyo, swali gumu lazima apate kijiti. "Ningeomba ungenipa," akasema. "Halafu ungekuwa na mimi kwa sababu nina deni lako. Nilitaka unipe mwenyewe."

"Na sikukupa."

"Hukunipa."

"Ulikasirika?"

"Sana. Hadi Novemba." Akanitazama. "Siku ya mahafali yako ndiyo nilikuja kukuambia tuachane. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Halafu mama yako akaniuliza joho, nikamjibu vile, na wewe ukacheka lakini macho yako yakawa yamejaa maji. Nikaona huyu anaumwa kuliko mimi. Ukanipa mkoba nikushikie."

Sikulala vizuri usiku ule, na sidhani na yeye alilala. Hatujamaliza. Kuna siku mambo yale hunirudia nikiwa nahariri, nikaamka nikamtafuta uani nimuulize kitu kingine tena, na kuna siku yeye ndiye hukaa kimya chakula cha jioni na mimi sijui kama ni wanafunzi wa kidato cha nne au ni mwaka 2014.

Wifi alipewa namba yake ya mtihani. Novemba ile tulipanda basi wote, na mama mkwe, na kuku kwenye ndoo, tukaenda kumwona amevaa joho. Alivaa viatu virefu mno, kama mimi nilivyofanya, na saa sita mchana alikuwa anachechemea. Kaka yake akanyoosha mkono apewe mkoba na malapa. Akasema tumwachie yeye, ana uzoefu.