Uzuri wa Mkakasi

Kuna kosa nililolifanya likizo ya Agosti mwaka uliopita ambalo sijamsimulia mwenzangu yeyote hapa shuleni. Leo nalitoa hadharani.

Mjomba wangu ni mpiga gitaa katika hoteli za Diani. Kwa miaka mingi alikuwa akipigia gitaa la kuazima. Basi akajinyima, akadunduliza, hata siku moja akavuka feri ya Likoni, akarudi na gitaa jipya la umeme. Lo! Lilikuwa zuri ajabu. Uso wake ulikuwa wa mti wa nchi za baridi uitwao mepo, una mistari kama ya simbamarara. Ukiligeuza kwenye mwanga, mistari iliyokuwa myeupe yawa myeusi, na ile myeusi yang'aa. Majirani wa Ukunda walikuja kulitazama kama wanaomtazama bibi harusi.

Mimi, kwa macho yangu ya kuchokorachokora, nikaona doa. Karibu na nyuzi palikuwa na ukungu, kama vanishi iliyoshika unyevu. Mjomba alikuwa amelala, maana alirudi kazini alfajiri. Nikajisemea, hili si jambo! Baba yangu ni seremala kule Msambweni, na mara ngapi nimemsaidia kupiga msasa milango ya mbambakofi? Mbambakofi hata uukwangue kutwa, ndani ni ule ule. Nikatwaa msasa, nikaanza.

Muda si muda mistari ikatoweka. Pakabaki kiraka kama kiganja cha mkono, cheupe pe! Kumbe ile mepo ilikuwa ganda jembamba kama karatasi, lile mafundi waliitalo vinia, limegundishwa juu ya mbao ya kawaida. Jasho likanitoka.

Mjomba alipoamka sikuwa na la kusema. Nilimwonyesha tu. Alinyamaza, akapitisha kidole pale pale.

"Mwanangu, si ungeniuliza?"

Hayo tu. Bora angenichapa.

Kisha akachomeka waya, akapiga "Jambo Bwana", ule wimbo wa Them Mushrooms ambao wageni hawachoki kuuomba. Sauti ni ile ile! Akanieleza kwamba chini ya nyuzi mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitetemeka, umeme huzaliwa humo, nao huenda kwenye mashine ya kukuza sauti hadi kwenye spika. Ganda la juu ni la macho tu.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," akasema. Lakini hakucheka.

Jumamosi hiyo nilimbebea nyaya, nikakaa nyuma ya jukwaa. Wageni walicheza, wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza habari ya kiraka. Ila mimi nilimwona mjomba akisimama kiubavu usiku kucha, ili ule upande usipigwe na taa. Hapo ndipo nilipofahamu. Sauti ya gitaa haikupungua, bali furaha ya mwenyewe ilipungua, na aliyeipunguza ni mimi.

Wenzangu, twaambiwa kila siku kwamba urembo wa nje si kitu. Mimi nasema ni kitu, kwa yule aliyejinyima ili aupate. Cha mtu usikitengeneze kabla hujamwuliza mwenyewe.