Kwa Pikipiki Hadi Bagamoyo

Nilipoagana na mke wangu asubuhi ile ya Jumapili, hakunitakia safari njema. Alisema tu, "Baba watoto, chakula cha jioni tutakungoja."

Pikipiki niliyokuwa nimeinunua wiki hiyo, Yamaha Virago iliyokwisha kutumika, si ya mbio wala ya mizigo. Kiti chake ki chini, usukani ni mpana, na miguu hutangulia mbele kama ya mtu aliyepumzika barazani. Silinda zake mbili zimepangwa kwa umbo la V. Gurudumu la nyuma huzungushwa na shafti, si mnyororo.

Hadi Tegeta, katikati ya daladala, uzito wake ulinitoa jasho kila niliposimama. Baada ya Bunju njia ilifunguka. Injini ilinguruma kwa utulivu, mikorosho ikapita, nami nikajiona mfalme. Nikaongeza mwendo.

Karibu na Kerege, mwendesha baiskeli aliyebeba magunia ya mkaa aliyumba mbele yangu. Nilikanyaga breki, nikasimama hatua mbili tu nyuma yake. Hapo nilitambua kuwa chombo kizito hakisimami kwa matakwa ya mpandaji, bali kwa nafasi aliyoiacha.

Bagamoyo, ambako misafara ya wapagazi kutoka bara iliishia katika karne ya 19, nilikaa ufukoni nikiwaza. Wao walitembea miezi kwa miguu. Mimi, niliyefika nimeketi, nilikuwa na haraka gani?

Nilirudi taratibu. Chakula kilikuwa bado cha moto.