Pango la Karura na Kiingilio Chake

Mkazi wa mtaa wa Jamhuri ana msitu jirani, ule wa Barabara ya Ngong. Hata hivyo, atakaye kuyaona mapango ambamo, kwa mujibu wa masimulizi, wapiganaji wa Mau Mau walijificha katika miaka ya 1950, sharti avuke jiji hadi Karura, kisha alipe kiingilio langoni.

Wapo wanaouliza: ikiwa ardhi ni ya umma, vipi umma ulipishwe kuingia kwake? Swali hilo lina uzito. Tarehe 8 Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapo Karura walipojaribu kupanda mti ili kuupinga unyakuzi wa msitu huo. Je, waliumia ili wenye magari wapate pa kupunga upepo?

Wengine hujibu kwamba, kabla ya ua na walinzi, Karura iliogopwa kwa ujambazi. Isitoshe, pango halijitetei: mwamba uliochongwa jina haujifuti, na popo husumbuliwa na kelele na mwanga. Hayo nayo ni kweli.

Mnamo 2025, Huduma ya Misitu ya Kenya na Marafiki wa Msitu wa Karura walivutana kuhusu njia ya kulipia kiingilio. Asiye na cha kulipa hakutajwa sana.

Waama, pango huhitaji wageni wachache kwa zamu, wakiandamana na mwelekezi. Zamu hiyo yaweza kumfaa hata mtoto wa shule ya umma, bila malipo. Pango lililowasetiri waliopigania ardhi lisiwafungie wajukuu wao.