Petroli Iliyopotea

Motakaa tunayoitumia hapa Sepuka karibu ni rika letu. Ni Land Rover iliyotengenezwa mwaka 1978, ya namna ya tatu, ambayo ilitengenezwa tangu mwaka 1971 hata 1985. Injini yake ya petroli ni ya asili ya zamani zaidi, kwani ilianza kutiwa katika magari hayo mwaka 1958. Vijana huicheka, nasi huwakumbusha kwamba Oktoba 2024 watu walizikusanya Land Rover nyingi sana mjini Arusha kwa sherehe, na wengi walikwenda kuziangalia hizo kuukuu kwanza.

Mwaka juzi, wakati wa kiangazi, ilianza tabia mpya. Penye tambarare ilikwenda vema, bali ikipakiwa magunia ya alizeti na kufika penye mwinuko katika njia ya Singida, ilikohoa mara mbili tatu, ikazima. Tukingoja kama robo ya saa, iliwaka tena kana kwamba haikutenda neno. Zaidi ya hayo petroli ilikwisha upesi. Tangi liko chini ya kiti, nasi tulikuwa tukilipima kwa bua la mtama tulilolitia alama kwa kisu. Kila juma alama ilishuka kuliko safari zilizofanywa.

Aliyeiendesha alikuwa kijana wa jirani yetu, mama mjane. Tulimwita jioni, mama yake akiwapo, tukamwambia kwamba petroli inapungua na funguo anazo yeye peke yake. Akasema, "Mwalimu, sijachukua hata tone." Tukamwambia aweke funguo mezani. Akaziweka. Mama yake hakusema neno, alijitanda kanga yake vizuri, wakaenda zao.

Juma lililofuata tuliendesha wenyewe. Petroli ikazidi kupungua, na funguo zilikuwa mfukoni mwetu. Ilitupasa kwenda kwa jirani usiku ule ule, lakini hatukwenda. Tulijiambia kwamba kwanza tutafute sababu, na huo ulikuwa udhuru tu.

Fundi mmoja mjini alibadili plagi, kisha akatuuzia pampu ya umeme iliyotolewa katika gari la siku hizi. Hapa na tueleze kidogo, kwa maana wengi hudhani kwamba msukumo ukizidi ni bora. Pampu za namna ile husukuma kwa nguvu ya ratili 40 au zaidi kwa kila inchi ya mraba, kwani kazi yao ni kurusha petroli katika injini zisizo na kabureta. Injini yetu yataka ratili 2 hivi tu, nguvu ndogo mno kuliko upepo wa gurudumu la baiskeli. Ndani ya kabureta mna kielea kinachopanda petroli ikijaa, nacho huinua sindano ndogo iuzibe mlango. Sindano ile haikuweza kushindana na pampu mpya. Petroli ilifurika juu ya injini yenye moto, tukazima upesi na kuwatoa watoto nje. Tangu siku ile harufu ya petroli hutushtua.

Ndipo tulipompeleka mgonjwa wetu kwa mzee mmoja aliyestaafu, ambaye alitengeneza magari ya namna hii tangu ujana wake. Hakugusa spana. Kwanza alituambia turudishe pampu ya zamani, ile ya chuma yenye kikombe cha kioo. Kisha akafungua kifuniko cha tangi na kusikiliza, kwa sababu tundu la hewa likiziba tangi huvutwa ndani na petroli hukataa kuja. Lilikuwa wazi. Akaondoa waya wa koili ili pasiwe na cheche, akang'oa bomba kwenye kabureta, akaliingiza katika chupa, akatuambia tuzungushe injini kwa mkono wa chuma. Pampu nzima hutema tonge la petroli, lenye nguvu, kila injini inapozunguka mara mbili. Yetu ilitema kama mtoto atemaye dawa. Akalitazama bomba la kutoka tangini kwa kuwa tundu dogo upande ule huvuta hewa wala halidondoshi kitu, nalo likawa zima.

Kisha akauliza, "Oili mmepima?"

Tukamjibu kwa fahari kwamba injini yetu haili oili kamwe, na tangu kiangazi kuanza hatujaiongeza. Mzee akachomoa kijiti. Oili ilikuwa juu ya alama kwa upana wa kidole, nyepesi kama maji ya uji, na ilinuka petroli.

Pampu hii huendeshwa na injini yenyewe kwa wenzo mdogo. Wenzo huvuta kiwambo, mfano wa ngozi ya ngoma, petroli ikaingia. Springi hukirudisha, petroli ikasukumwa kwenda mbele. Msukumo wote watoka katika springi ile. Kiwambo chetu kilikuwa kimekauka na kupasuka pembeni. Basi kila springi iliposukuma, sehemu ya petroli ilikwenda katika kabureta, na sehemu ikashuka katika oili. Penye tambarare iliyobaki ilitosha, penye mlima haikutosha. Waliotengeneza pampu waliweka tundu dogo chini yake, ili kiwambo kikipasuka petroli ivuje nje na mwenye gari aone. Tundu letu lilikuwa limezibwa na vumbi na mafuta ya miaka mingi. Twadhani hatukuwahi kulisafisha hata mara moja.

Mzee alitukataza kuiwasha kabla ya kumwaga oili yote, kwa maana oili iliyochanganyika na petroli hula beringi, tena mvuke wake waweza kulipuka. Kiwambo kipya kililetwa na basi kutoka Arusha.

Tulirudi Sepuka jioni, tukaenda kwa jirani kabla ya kufika kwetu. Tulikuwa tumekichukua kiwambo cha zamani katika karatasi. Tulisema tulilopaswa kusema, mbele ya mama yake kama tulivyomshtaki mbele yake. Kijana alikipokea, akakielekeza kwenye taa, akauona mwanga ukipenya katika ufa.

Akauliza, "Mwalimu, na tundu la chini lilikuwa limeziba?" Tukasema naam. Akasema aliwahi kuuona uchafu ule, akadhani ndivyo lilivyoumbwa.

Siku hizi ndiye aendeshaye tena, na kila Jumamosi hulisafisha tundu kwa mwiba wa mgunga, kisha hupima oili na kuinusa. Mama yake huitika salamu zetu, lakini bado hajaketi tena barazani petu.