Mbwa wa kwanza hanunuliwi kwa macho

Msomaji mpendwa, kama ulizaliwa Mji wa Kale wa Mombasa kama mimi, huenda hadi leo hujapata kumshika mbwa. Paka tunao tele, wanatufuata hata tukitoka kununua samaki. Lakini mbwa kwetu ni mnyama wa kuambaa ukuta anapopita. Basi usinicheke nikikwambia kwamba nilipokuwa mtu mzima mwenye ndevu zangu, hamu ya usasi ilinipanda kichwani, nikataka mbwa.

Chanzo kilikuwa ni visa vya marehemu babu. Zamani, kabla uwindaji haujakatazwa, alikuwa akivuka Likoni kwenda kwa marafiki zake wa Kwale, akirudi anatuhadithia mbwa waliokurupusha nguruwe mwitu vichakani. Mwaka 2016 mjomba wangu, mwenye shamba la mahindi na minazi karibu na Shimba Hills, alilalamika kuwa nyani wanammaliza. Nikadhani siku yangu imefika.

"Niachie mimi, mjomba," nikamwambia. "Nitanunua mbwa, niwe msasi."

Akanitazama juu hadi chini. "Msasi wa nini, mwanangu? Wa paka wa Kibokoni?"

Kisha akanieleza kwa upole. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikakaza kamba: huwindi kwa burudani, wala kwa kitoweo. Hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968, ina ndovu na pia palahala, ambao nchini Kenya hawapatikani porini mahali pengine popote. "Ukimwachia mbwa wako akimbize mnyama kule, utakamatwa," akasema. "Mimi nataka wa kubweka tu, nyani wakija nijue."

Maneno hayo yaliingia sikio hili yakatokea la pili. Wiki hiyo hiyo nilinunua jibwa la Kijerumani, refu, lenye manyoya mazito na masikio yaliyosimama. Sikuuliza mama yake ni nani, alilelewa wapi, wala kama amechanjwa. Nilipenda kimo chake, nikaona nitakavyopendeza nikimshika ukambaa. Nilinuia nimfunze mwenyewe kisha nimpeleke shamba.

Mama alinisimamia mlangoni. "Mwanangu, humu ndani mbwa haingii. Si chuki. Kila akilamba chombo, nani atakiosha mara saba, moja kwa mchanga?" Wengi wetu hapa ni wafuasi wa Imamu Shafii, na hayo ndiyo tuliyolelewa nayo. Nilikimbilia kwa mwalimu wangu wa chuoni nikitaraji anitetee. Alikubali kwamba dini imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na kwamba Suratul Maida imehalalisha mawindo ya wanyama waliofunzwa. Kisha akaniuliza, "Waliofunzwa, mwanangu. Wewe wako umemfunza nini?"

Sikuwa na jibu. Nikamfunga mbwa katika ghala la rafiki yangu, karibu na bandari ya zamani. Paa lilikuwa la mabati, na joto la Machi unalijua. Alishinda peke yake, ulimi nje, mimi nikimzuru asubuhi na jioni. Siku ya tisa alikata kamba. Mtoto wa jirani, mwenye miaka saba, alikuwa anapita kichochoroni kwenda chuoni. Alipomwona mbwa akakimbia, na mbwa hufuata kinachokimbia. Akamng'ata mguu.

Bibi mmoja mwenye akili alimwosha mtoto jeraha kwa sabuni na maji ya mfereji robo saa nzima, kabla ya kumkimbiza hospitali. Huko daktari aliuliza swali moja: "Mbwa ana cheti cha chanjo?" Hakuwa nacho. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, kwa hiyo mtoto alianzishiwa sindano siku ile ile, na kwa jumla alidungwa mara tano. Mbwa alifungiwa siku kumi akitazamwa, na alhamdulillahi hakuugua. Baadaye nilimtoa bure kwa mtu mwenye kiwanja kikubwa na subira kunishinda.

Nililipa gharama zote. Lakini baba yake yule mtoto, tuliyekuwa tukikaa naye baraza moja kila baada ya Isha, aliacha kuitikia salamu zangu kwa miezi minne. Nilikwenda kwake na mama na mjomba kuomba radhi. Alinisikiliza, akasema, "Mbwa sina ugomvi naye."

Msomaji, tangu hapo nilianza kuuliza badala ya kununua. Nilijifunza kwamba mbwa huchaguliwa kwa kazi. Saluki wa Waarabu huwinda kwa macho katika jangwa lililo wazi. Basenji wa misitu ya Kongo habweki kama mbwa wengine, kwa hiyo wasasi humfunga kengele shingoni wamsikie alipo. Ukimpa basenji kazi ya kulinda mahindi, nyani watakula na kushiba. Na jibwa la manyoya mazito uliloliweka chini ya mabati ya Mombasa umelitesa kabla hujalituma.

Mwaka uliofuata mjomba alinipeleka kwa mkulima jirani yake, ambaye mbwa wake wa kienyeji alikuwa amezaa. Hakunionyesha watoto kwanza. Alinionyesha mama. Tulipokaribia mbuzi alisimama mbele yetu akabweka. Mwenyewe alipomwambia "basi", akanyamaza. "Ukitaka kumjua mtoto, mtazame huyu," akasema mjomba.

Watoto walikuwa na wiki nane. Mmoja alijificha, mmoja aling'ata kila kiatu. Nikaangusha kifuniko cha sufuria. Wote walitawanyika, lakini mmoja mwekundu mwenye manyoya mafupi alirudi polepole akakinusa. Nikamchukua huyo. Alipotimia miezi mitatu alichanjwa, na huchanjwa kila mwaka. Kupe hutolewa kila wiki.

Somo lake la kwanza halikuwa kukimbiza. Lilikuwa ni kurudi akiitwa. Dume la nyani lina meno ya kumrarua mbwa, kwa hiyo kazi yake ni kubweka, watu watoke, kisha arudi. Haingii hifadhini. Analala shamba, ana chombo chake mwenyewe, na mama akija kuwatembelea humsalimia kwa mbali, "Hujambo, mlinzi?"

Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mimi nimeongeza langu: mbwa wa mtu mwenye pupa hung'ata watu.

Basi nawe unayetaka mbwa wako wa kwanza, iwe ni wa shamba au wa lango, kwanza taja kazi yake kwa neno moja. Kisha uulize atalala wapi, nani atamfunza, na wenye nyumba na majirani wanasemaje. Mtazame mama yake, ushike cheti cha chanjo mkononi, ndipo utoe pesa. Rangi na kimo viache mwisho.

Yule mtoto sasa ni barobaro. Baba yake na mimi tumerudi kukaa baraza moja. Lakini kijana akimwona mbwa bado hubadilisha njia, na kovu liko mguuni mwake. Kila nikiliona najua kwamba aliyelitia ni mimi.